Nyasi Zilizopiga Kona

Kazini alijulikana kama Bi Spana. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake mwaka aliporipoti kazini, likamganda hivi kwamba hata mumewe, mwoka mikate mwenye duka mtaa wa pili, alipotaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye mikono mirefu na sauti iliyosikika vizuri hata akiwa ndani ya chemba ya maji taka ya kina cha mita tatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amefunga, amezibua na kufukua mabomba ya maji taka ya mji ule mdogo wa pwani, na wala hakuwa amechoka. Mwonyeshe choo kilichowashinda watu, uso unachanua. Mwambie fundi mwingine ameinua mikono, yeye tayari ameshavaa buti.

"Wake za wenzangu wanaota nyumba na magari," mumewe alimwambia siku moja, "wangu anaota makoki."

"Na jana niliota ya shaba, mpya kabisa," alijibu, akacheka mpaka akakohoa.

Siku mambo yalipoanza, Bi Spana aliingia ofisi ya ramani kutafuta kalamu tu. Akamkuta karani wa ramani amesimama, mikono kiunoni, mbele ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyevaa kofia pana, mchanga umejaa kwenye mikunjo ya suruali yake. Mgeni huyo alikuwa mtafiti wa mimea kutoka chuo kikuu. Alipojitambulisha kuwa ni daktari, karani alianza kumweleza habari za mgongo wake. Ikabidi asahihishwe kwamba huyu ni daktari wa mimea. Ndani ya dakika tano ofisi nzima ilikuwa inamwita Daktari wa Nyasi.

"Dada, nimekwambia mara tatu," karani alikuwa anasema. "Kule kwenye vilima vya mchanga hakuna bomba. Ramani haina. Kama ramani haina, halipo."

"Basi niambie hiki ni nini."

Daktari wa Nyasi alitandaza picha juu ya meza. Ilikuwa imepigwa kutoka angani, kwa droni. Ilionyesha vilima vya mchanga vilivyo kati ya bweni la chuo cha ualimu na bahari: mchanga mweupe, wenye madoa madoa ya kijani hafifu kama kitambaa kilichorushiwa rangi. Lakini katikati ulipita mstari wa kijani kibichi, mnene, umenyooka kama uliopigwa na rula. Mstari ule ulishuka kutoka upande wa bweni, ukafika mahali ukakata upande, kisha ukanyooka tena mpaka kwenye bonde dogo karibu na ufuko.

Bi Spana aliinama. Kalamu aliyoijia akaisahau.

"Hiyo ni elbo," alisema.

"Nini?"

"Elbo. Kona ya bomba. Digrii arobaini na tano." Akaweka kidole juu ya picha. "Angalia. Imenyooka, imenyooka, halafu paa! imekata, halafu imenyooka tena. Nyasi hazipigi kona, Daktari. Anayepiga kona ni fundi."

Karani alicheka. Daktari wa Nyasi hakucheka hata kidogo. Alimshika Bi Spana mkono kama mtu anayeogopa asimponyoke. "Miaka minne," alisema kwa sauti ya chini. "Miaka minne najiuliza. Nimelaumu mashamba, nimelaumu mvua, nimewalaumu hata ndege. Mama, una nafasi mchana huu?"

Nafasi hakuwa nayo. Walikwenda.

Juu ya kilima cha kwanza, Daktari wa Nyasi alitoa kwenye begi fremu ya mbao, mita moja kila upande, akailaza mchangani na kupiga magoti. Bi Spana naye akapiga magoti. Mwanzoni aliona mchanga tu na majani mawili matatu. Daktari akaanza kumwonyesha: huu unaotambaa, wenye majani manene yanayotunza maji, huu wenye manyoya meupe ya kuzuia jua, huu mdogo kama kifungo cha shati, huu mwingine uliojificha chini yake. Walihesabu aina kumi na tano ndani ya fremu moja. Bi Spana alikuwa amepita pale mara ngapi maishani mwake? Alikuwa amezikanyaga zote.

"Mimea ya hapa imezoea njaa," alisema Daktari. "Mchanga hauna chakula, na wao wamejifunza kuishi hivyo hivyo. Kila mmoja anachukua kidogo, anabaki mdogo, anamwachia jirani nafasi. Sasa twende kule."

Kule kwenye mstari wa kijani walilazimika kupasua njia kwa viwiko. Nyasi zilifika kifuani, nene, za kung'aa, na chini yake kulikuwa na tandiko la majani yaliyooza, laini kama godoro. Fremu ilipowekwa, walihesabu aina mbili.

"Wengine wako wapi?" Bi Spana aliuliza.

"Wamekosa jua. Mtu ameziletea nyasi hizi nitrojeni na fosforasi, vitu vile vile vilivyomo kwenye mbolea ya dukani. Nyasi ndefu zikipata hivyo zinapanda juu, zinafunga kivuli, na wadogo wanakufa chini yake. Kisha majani yakioza yanazilisha tena. Kila mwaka mstari huu unapanuka hatua moja."

"Na hivyo vitu vimo kwenye maji taka?"

"Vimejaa tele."

Bi Spana alishika kiuno akaangalia mkono wake wa kulia, ule unaotangulia kwenye kila shimo. Maji taka alikuwa anayajua kwa harufu, kwa rangi na kwa namna yanavyopanda kwenye sinki za watu. Hakuna aliyewahi kumwambia kuwa ni chakula. "Miaka thelathini na mmoja nazibua mbolea," alisema, "na bustani ya nyumbani kwangu imekauka!" Wakacheka wote wawili, nyasi zikiwakwaruza mikono.

Mkuu wa idara ya maji taka aliwapa siku mbili, kwa sharti kwamba wasivunje kitu. Bi Spana alianzia nyuma ya jiko la bweni, kwenye shimo la septiki ambalo ramani ilidai linapokea maji yote ya wanafunzi. Aliinua mfuniko kwa mtaimbo, akamulika ndani kwa tochi. Chini kulikuwa na dimbwi lisilojaza beseni. Kuta zilikuwa kavu na buibui wamejenga.

"Matroni!" aliita. "Wanafunzi wako ni wangapi?"

"Mia nne na kumi na wawili," alijibu matroni wa bweni, mama mnene aliyetembea na funguo shingoni.

"Na hawaogi?"

"Astaghfirullah! Maji tunalia kila mwezi yanavyotumika!"

"Basi yanakwenda wapi, mama? Maana hapa hayajafika."

Kesho yake saa moja asubuhi, wakati mabafu yamejaa, Bi Spana alikoroga unga wa rangi nyekundu kwenye ndoo tatu na kuzimimina katika vyoo vitatu. Matroni alikuwa ameombwa awatangazie wanafunzi usiku uliotangulia. Alisahau. Kufumba na kufumbua, bweni lilijaa mayowe. Msichana mmoja alitoka mbio na taulo na sabuni kichwani akisema vyoo vinatoka damu. Matroni akapanda kwenye kiti kuwatuliza, akaishia kucheka mwenyewe mpaka funguo zikawa zinalia shingoni kama njuga. Bi Spana hakuwa na muda wa kungoja. Alikuwa tayari anakimbia kuelekea vilimani, sepeto begani.

Pale mstari wa nyasi ulipokata kona, yeye na Daktari walikuwa wamechimba shimo la kufika kiunoni, na maji yalikuwa yamejikusanya chini. Waliteremka ndani, wakasubiri. Saa mbili, maji ni yale yale. Saa tatu, vile vile. Daktari wa Nyasi alikuwa ameng'ata kucha zote za mkono mmoja na amehamia wa pili.

"Labda tumekosea," alisema.

"Bomba lina mwendo wake. Tulia."

Lakini yeye mwenyewe hakutulia. Kila dakika mbili alichota maji kwa gilasi na kuiweka mbele ya karatasi nyeupe. Saa nne na dakika ishirini alichota tena. Akakodoa macho. Akafuta gilasi kwa shati lake, akachota upya.

"Daktari. Hebu njoo uniambie kama macho yangu yamezeeka."

Maji yalikuwa na wekundu. Hafifu mno, kama maji yaliyosuuziwa shati jipya la rangi. Dakika tano baadaye hayakuwa hafifu tena. Shimo lote lilikuwa jekundu kama juisi. Daktari wa Nyasi alipiga ukelele, akamrukia Bi Spana, na wote wawili wakaanguka chali ndani ya maji yale ambayo, kwa kweli, haikufaa mtu kuyaangukia. Hakuna aliyejali. Bi Spana alitoa simu mfukoni kwa vidole vinavyoteleza, akampigia mumewe.

"Imetoka!" alipaza sauti. "Baba, imetoka nyekundu!"

"Nani ameumia?" Upande wa pili trei ya mikate ilisikika ikianguka. "Uko wapi? Nakuja!"

Ilichukua muda kumwelewesha. Alipoelewa akasema, "Basi oga kabla hujaingia kwangu," na sauti yake ilikuwa imejaa kicheko.

Alasiri hiyo hiyo walifuata maji mpaka kwenye bomba lenyewe. Lilikuwa bomba la udongo wa kuchoma, la mtindo wa zamani, na pale kwenye elbo kiungo kilikuwa kimepasuka mwanya wa kupitisha ngumi. Mizizi ya nyasi ilikuwa imeingia ndani na kujaa kama nywele kwenye chujio. Bi Spana alilala kifudifudi akaanza kuisafisha kwa mikono, akiimba. Aliondoa mizizi, akaondoa tope, akafika kwenye saruji ya kiungo. Wimbo ukakatika.

Kwenye saruji ile kulikuwa na alama za vidole vitatu, vimebonyezwa sambamba.

Daktari wa Nyasi aliona mabega ya mwenzake yamekakamaa. "Mama? Kuna nini?"

Bi Spana alivua glavu, akaweka vidole vyake vitatu kwenye alama zile. Viliingia, ingawa kwa kubana. Vilikuwa vimenenepa tangu wakati ule.

"Ni vyangu," alisema. "Kiungo hiki ni changu."

Ikamjia yote, kidogo kidogo, huku amekaa kwenye ukingo wa shimo. Alikuwa na miaka kumi na tisa, bado yuko kwenye majaribio. Dhoruba ilikuwa imebomoa bomba kuu, na hapa palikuwa na nyumba moja tu ya kulala wajenzi wa barabara, watu thelathini. Fundi mkuu wa wakati huo aliwaambia wavute bomba la dharura mpaka bondeni. "Wiki mbili tu, kisha tunang'oa." Bi Spana alikuwa na majivuno ya mtu aliyefundishwa kazi juzi, na kila kiungo alichomaliza alikibonyeza vidole vitatu kabla saruji haijakauka. Wiki mbili zikapita, wakahamishiwa kazi nyingine, fundi mkuu akastaafu. Nyumba ya wajenzi ikaongezwa vyumba, ikaongezwa ghorofa, ikawa bweni. Na aliyejenga aliunganisha tu alichokikuta kinapitisha maji. Yeye alikuwa ameona picha ile, amekuja hapa mara tatu, na hakupatambua. Angepatambuaje? Mahali alipopajua palikuwa mchanga mtupu, mweupe wa kuumiza macho.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Ulikuwa na miaka kumi na tisa," alisema Daktari. "Na mimi nilikuwa natafuta ushahidi wa lini lilianza. Mama, unajua umenipa nini? Umenipa tarehe! Hakuna mtafiti anayepewa tarehe!"

Bi Spana alimtazama mtafiti yule, matope mpaka kwenye nyusi, macho yanawaka. Alitaka kulia, na hapo hapo akajikuta anacheka. Aibu ilikuwepo, kubwa tu, lakini ilishindwa kuizima ile hamu iliyokuwa inamchemka tangu aione picha.

Alijikaza, akaenda kwa mkuu wa idara na ripoti ya kurasa mbili iliyomtoa jasho kuliko mtaro wowote. Mkuu aliisoma mara mbili, kisha akavua miwani.

"Hapa umeandika jina lako mwenyewe kama fundi."

"Ndiyo, mzee."

"Hakuna mtu angejua."

"Vidole vingejua. Na mimi nimeshajua."

Mkuu wa idara alivaa tena miwani. Kisha akavuta karatasi. "Basi anayelijua bomba hili vizuri ndiye atakayelitoa. Sitaki kusikia visingizio, Bi Spana."

Visingizio hakuwa navyo. Ilichukua miezi minane kuchimba mtaro mpya kutoka bwenini hadi kwenye bomba kuu la mji, na siku maji yalipogeukia njia mpya, alishuka mwenyewe kuziba mdomo wa bomba la zamani. Safari hii alichora ramani kwanza, akaipeleka kwa karani kwa mkono wake, akasimama pale mpaka ikapigwa muhuri.

Alidhani nyasi zingenyauka ndani ya mwezi. Hazikunyauka. Daktari alimweleza kwamba mchanga ulikuwa umelishwa miaka mingi na ulikuwa na akiba. Nyasi zikifa zinaoza papo hapo na kulishana. Ilibidi mchanga urudishwe kwenye njaa yake. Nyasi zifyekwe na kubebwa zote, lisibaki jani. Sehemu tatu zikwanguliwe juu, shubiri nzima, mpaka mchanga mweupe utokee. Nyingine zifyekwe tu. Na sehemu moja iachwe kama ilivyo, ili waweze kulinganisha.

"Watu wa kufyeka tutawapata wapi?" Daktari aliuliza.

Bi Spana alikwenda kwa matroni. Jumamosi hiyo matroni aliwaleta wanafunzi sitini wakiwa na mafyekeo na magunia, mbele yao yeye mwenyewe na funguo zake. "Msininung'unikie!" aliwaambia. "Nyasi hizi mmezilisha wenyewe, kila asubuhi, bila kukosa!" Vijana walivunjika mbavu kwa kicheko, na kazi ikaenda kama mchezo. Mfugaji mmoja wa ng'ombe alileta trekta lake kubeba majani, akaomba aitwe tena.

Mvua za kwanza zilimvunja moyo Bi Spana. Kwenye mchanga uliokwanguliwa zilichipua nyasi zile zile, chache chache. Alizing'oa kwa mkono, moja moja, akizisema. Lakini hakukosa Jumamosi hata moja. Alijifunza kutumia fremu, akajifunza kutofautisha mche na mche, na akaanza kumsahihisha mumewe mezani kila aliposema "majani" tu bila kufafanua ni majani gani.

Mvua za pili zilipokatika, alipiga magoti kwenye kipande cha pili kilichokwanguliwa na kuhesabu. Akahesabu tena, kwa sababu hakuamini. Aina kumi na moja. Kwenye kipande ambacho hakikuguswa zilikuwa tatu. "Kumi na moja!" alipiga kelele, na Daktari wa Nyasi akaja akikimbia, kofia mkononi. Mbegu zilikuwa zimelala chini ya kivuli miaka yote hiyo, zikisubiri jua tu.

"Kumi na mbili," alisema Daktari baada ya kuinama muda mrefu. "Huu hapa umeuruka."

"Sikuuruka. Siujui."

Daktari alilala kifudifudi, akatoa kioo cha kukuzia. Ulikuwa mche wa ukubwa wa ukucha, majani yake mekundu kwa chini. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia. "Hata mimi siujui," alisema taratibu.

Ilibidi wangoje utoe maua. Walingoja wiki tano. Bi Spana aliweka vijiti kuzunguka kila mche, akahesabu kumi na minne, na wiki nzima kazini alikuwa anazungumzia hiyo kumi na minne mpaka mafundi wakaanza kumkimbia. Jumamosi ya tano, saa mbili asubuhi, mmoja ulikuwa umefunguka: ua la manjano, dogo kuliko punje ya mchele, lenye doa la zambarau kooni. Daktari wa Nyasi alikuwa amekuja na jalada kutoka maktaba ya mimea ya chuo. Alilifungua juu ya magoti yake. Ndani kulikuwa na mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi, na tarehe ya miaka sitini na miwili iliyopita.

Walitazama karatasi. Walitazama ua. Walihesabu petali, wakapima jani, wakalinganisha doa.

"Ni wenyewe," Daktari alinong'ona. "Mama, ni wenyewe. Kwenye vitabu vyetu tumeandika kwamba huku haupo tena."

"Basi futeni!" alisema Bi Spana, naye tayari anacheza juu ya mchanga, akikwepa vijiti vyake kwa uangalifu.

Sehemu kubwa ya mstari bado ni nyasi ndefu, na Daktari anasema huenda ikachukua miaka ishirini mchanga usahau ulichopewa. Bi Spana amebakiza miaka mitano astaafu na haoni kwa nini hilo limzuie. Siku ile ya ua, mumewe alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea, akapanda vilimani na aproni yenye unga. Mkewe alimwonyesha mahali pa kuweka magoti, kisha viwiko, kisha kidevu. Mumewe akasogeza uso mchangani.

"Kumbe kiua chenyewe ni kidogo hivi!" alisema.

"Kidogo mno," alisema Bi Spana kwa furaha.

Mwoka mikate hakuinuka. Alijisogeza mbele kidogo kwa viwiko, akafuta unga uliomwingia jichoni, akasema, "Nionyeshe kingine."